Wizara ya Fedha Haiendeshi Sera ya Fedha

Neno "fedha" limebebeshwa mzigo mzito mno katika Kiswahili cha uchumi. Tuna Wizara ya Fedha, mwaka wa fedha, Sheria ya Fedha, soko la fedha, fedha za kigeni na sera ya fedha. Anayesikia "sera ya fedha" kwenye taarifa ya habari humfikiria Waziri wa Fedha papo hapo, na hapo ndipo anapopotea, kwa sababu sera hiyo ni kazi ya Benki Kuu ya Tanzania. Waziri anashika kodi, matumizi na mikopo ya Serikali, yaani sera ya bajeti. Gavana wa Benki Kuu anashika ukwasi wa mabenki, yaani pesa walizo nazo tayari kutumika, na riba ya muda mfupi, na Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006 imemwekea utulivu wa bei kuwa lengo kuu.

Mkanganyiko huu una mzizi shuleni. Somo la Uchumi linaanza kidato cha tano, kwa waliochukua tahasusi (michepuo ya masomo matatu) kama ECA, EGM au HGE, na linafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Hotuba ya bajeti inasomwa Dodoma kwa Kiswahili, wabunge wanaijadili kwa Kiswahili, redio inaichambua kwa Kiswahili. Matokeo yake, mhitimu wa kidato cha sita anayeweza kuandika kurasa tatu kuhusu urari wa malipo (hesabu ya pesa zinazoingia nchini na zinazotoka) kwa Kiingereza huduwaa akikutana na maneno "urari wa malipo" yenyewe, na fundi cherehani anayeyasikia kila Juni hajawahi kuelezwa maana yake na mtu yeyote. Aliyesoma tahasusi ya sayansi kama PCB au ya lugha kama HKL hakutani na somo hilo kabisa. Mtaala ulioboreshwa wa 2023, ulioanza kutekelezwa kwa awamu Januari 2024, umeingiza somo la biashara miongoni mwa masomo ya lazima ya sekondari ya chini. Ni hatua nzuri, lakini kujua kuendesha duka na kujua kwa nini Serikali inakopa ni elimu mbili tofauti.

Kuna na tatizo la mtindo. Mitihani ya insha imezoesha wanafunzi kupanga hoja: sababu tano za mfumuko wa bei, athari tano, suluhisho tano. Hoja zenyewe mara nyingi ni sahihi. Kinachokosekana ni kiasi. Mwanafunzi anajua bei ya mafuta ya petroli inachangia mfumuko, lakini hajawahi kuulizwa inachangia kwa pointi ngapi, na sera yote ya uchumi imekaa kwenye hilo "ngapi". Tuchukue mambo manne yanayowachanganya watu zaidi, moja baada ya jingine, kwa tarakimu.

Mfumuko umeshuka, bei zimepanda

Desemba 2011 mfumuko wa bei wa mwaka nchini Tanzania ulikuwa asilimia 19.8. Desemba 2012 ulikuwa asilimia 12.1. Umeshuka, na kushuka huko ni kweli. Sasa chukua kapu la mahitaji lililogharimu shilingi 1,000 Desemba 2010. Desemba 2011 lilikuwa shilingi 1,198. Desemba 2012, baada ya mfumuko "kushuka", likawa shilingi 1,343. Mama ntilie aliyelalamika kuwa maisha yamepanda alikuwa sahihi, na mtakwimu aliyetangaza kushuka alikuwa sahihi pia. Mfumuko ni kasi ya bei kupanda. Ili bei zirudi chini, mfumuko unatakiwa uwe chini ya sifuri, na hilo hutokea kwa bidhaa moja moja, kama nyanya za msimu, mara chache sana kwa kapu zima. Mtangazaji angesema "bei zimepanda kwa kasi ndogo kuliko mwaka jana", nusu ya ugomvi ingekwisha.

Nusu ya pili inatokana na kapu lenyewe. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, hupima bidhaa na huduma 383, ikilinganisha na bei za mwaka 2020. Kila kundi lina uzito wake kulingana na sehemu ya matumizi ya kaya zote nchini. Chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28.2. Uzito huo ni wa kaya ya wastani wa matumizi ya nchi nzima, na wenye kipato kikubwa, kwa kuwa wanatumia zaidi, wanavuta kapu upande wao. Kaya yenye kipato kidogo inaweza kutumia asilimia 60 ya pesa yake kwenye chakula.

Fanya hesabu. Tuseme katika mwaka mmoja chakula kimepanda kwa asilimia 8, na vitu vingine vyote kwa asilimia 1. Kwa kapu la NBS unazidisha 8 kwa 0.282, unapata 2.26; unazidisha 1 kwa 0.718, unapata 0.72; jumla ni karibu asilimia 3. Kwa kaya inayotumia asilimia 60 kwenye chakula unapata 4.8 na 0.4, jumla asilimia 5.2. Bei ni zile zile, soko ni lile lile, na hakuna aliyedanganya. Mwalimu anayefundisha mada hii bila kuwapa wanafunzi hesabu hiyo anawaacha na imani kwamba takwimu za Serikali ni za kupikwa, na mtu akishaingia kwenye imani hiyo hatoki kirahisi.

Jambo jingine linalochanganya kwenye mfumuko ni msingi wa kulinganisha. Mfumuko wa mwaka hulinganisha mwezi huu na mwezi kama huu mwaka uliopita. Maharage yakipanda ghafla Machi mwaka jana kutoka shilingi 2,500 hadi 3,500 kwa kilo, kisha yakabaki hapo hapo, mfumuko wa maharage utasomeka asilimia 40 kwa miezi kumi na miwili, halafu Machi mwaka huu utaanguka hadi sifuri. Bei haijashuka hata senti moja. Kinachotokea ni kwamba bei ya juu imeingia pande zote mbili za mlinganisho.

Lengo la Tanzania ni mfumuko wa kati ya asilimia 3 na 5, na vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinaweka ukomo wa asilimia 8. Wanafunzi wengi huuliza kwa nini lengo lisiwe sifuri. Jibu fupi ni kwamba mishahara na kodi za nyumba hazishuki kirahisi. Uchumi ukikaa sifuri, tikisiko dogo linausukuma chini yake, na hapo mwenye deni analipa kwa shilingi yenye thamani kubwa kuliko aliyokopa, huku mfanyabiashara akiahirisha kuagiza mzigo kwa kutegemea kesho utakuwa rahisi zaidi.

Riba ya Benki Kuu na mkopo wa bodaboda

Hapa ndipo darasa na sera vimeachana zaidi. Kitabu cha kidato cha tano na cha sita kinaeleza sera ya fedha kwa mlinganyo wa ujazi wa fedha: kiasi cha fedha mara kasi ya mzunguko ni sawa na bei mara wingi wa miamala. Benki Kuu ikibana ujazi, bei zinatulia. Tanzania iliendesha sera yake kwa mtazamo huo tangu miaka ya 1990. Lakini mlinganyo unategemea kasi ya mzunguko iwe tulivu, na kasi hiyo haikutulia. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata, shilingi ile ile ikaanza kuzunguka mara nyingi zaidi kwa siku. Benki Kuu iliweza kufikia lengo la ujazi na bado isijue bei zitakwenda wapi.

Kizidishi cha fedha nacho hufundishwa kama hesabu safi. Kiwango cha amana ambacho benki zinatakiwa kuweka Benki Kuu kwa amana za sekta binafsi ni asilimia 6, kwa hiyo mwanafunzi anagawa 1 kwa 0.06 na kupata 16.7: shilingi moja ya Benki Kuu inazaa karibu shilingi 17. Katika uchumi halisi wa Tanzania kizidishi hakifiki hata nusu ya hapo. Watu wanatunza noti nyumbani, mazao yananunuliwa taslimu, na benki zenyewe huacha akiba zaidi ya kiwango cha lazima. Kanuni ya 1 kugawanya kwa kiwango cha akiba inatoa kilele kisichofikiwa, na kitabu kinapaswa kusema hivyo waziwazi.

Januari 2024 Benki Kuu iliacha kulenga ujazi na kuanza kulenga riba. Kamati ya Sera ya Fedha ilitangaza Riba ya Benki Kuu ya asilimia 5.5. Aprili 2024 ikapandishwa hadi 6, na Julai 2025 ikashushwa hadi 5.75. (Kutoka 6 hadi 5.75 ni kushuka kwa pointi 0.25 za asilimia. Wanaoandika kuwa imeshuka "kwa asilimia 0.25" wanakosea: robo pointi ni zaidi ya asilimia 4 ya 6.)

Inavyofanya kazi ni hivi. Kila benki ya biashara ina akaunti Benki Kuu, na malipo kati ya benki na benki hupitia humo. Mwisho wa siku moja imepungukiwa, nyingine ina ziada, basi iliyopungukiwa inakopa kwa mwenzake, kwa usiku mmoja au kwa siku saba. Riba ya mikopo hiyo ya siku saba ndiyo inayolengwa. Benki Kuu inahakikisha haitoki nje ya pointi 2 juu au chini ya riba iliyotangazwa. Kwa riba ya 5.75, soko linatakiwa kubaki kati ya 3.75 na 7.75. Unapofika wakati wa makampuni kulipa kodi ya robo mwaka, pesa hutoka kwenye akaunti za wateja katika benki za biashara na kuingia kwenye akaunti ya Serikali iliyoko Benki Kuu. Ukwasi unakauka, na riba baina ya mabenki inapanda. Benki Kuu inaingiza pesa kwa kuzikopesha benki kwa siku chache, zikiweka hatifungani zao (hati za mikopo zilizoikopesha Serikali) kama dhamana. Serikali ikilipa wakandarasi kwa mkupuo, ukwasi unafurika, na Benki Kuu inanyonya ziada kwa njia ya kinyume.

Sasa swali linalorudi kila mara: riba imeshushwa, mbona mkopo wangu wa bodaboda uko pale pale? Kwa sababu 5.75 ni bei ya pesa ya siku saba kati ya benki na benki, tena yenye dhamana nzuri au jina zuri. Mkopo wa miaka miwili kwa mtu asiye na hati ya nyumba ni bidhaa nyingine. Ndani ya riba yake, ambayo kwa wastani wa mikopo yote nchini imekuwa ikicheza karibu asilimia 15, kuna gharama ya amana ambazo benki imewalipa waweka akiba, gharama ya matawi na wafanyakazi, hasara inayotarajiwa kutokana na mikopo chechefu (isiyolipwa ipasavyo), na jambo moja ambalo vitabu huliruka: njia mbadala ya benki. Serikali ilipotoa hatifungani ya miaka 25 kwa mara ya kwanza, mwaka 2021, riba yake ilikuwa asilimia 15.95. Benki iliyoweza kupata karibu 16 kutoka Hazina bila kumfukuzia mtu haikuwa na sababu ya kumkopesha dereva wa bodaboda kwa 12. Hapo sera ya bajeti inakutana na sera ya fedha: Serikali ikikopa sana ndani, hata Gavana akishusha riba, mkopo wa mtu wa kawaida unashuka taratibu au haushuki kabisa.

Bajeti: mikopo trilioni 15, nakisi asilimia 3

Bajeti ya Tanzania ya 2025/26 ni shilingi trilioni 56.49. Mapato ya ndani yanakadiriwa kuwa trilioni 40.47: Mamlaka ya Mapato (TRA) 32.31, mapato yasiyo ya kodi 6.48, na mapato ya halmashauri 1.68. Misaada ya washirika wa maendeleo ni trilioni 1.07. Mikopo ya ndani ni 6.27 na mikopo ya nje ni 8.68. Jumlisha, utapata 56.49 kamili.

Msomaji makini anashtuka hapa. Mikopo ya ndani na ya nje peke yake ni karibu trilioni 15, ilhali Serikali inasema nakisi, yaani pengo kati ya mapato na matumizi, ni asilimia 3 ya Pato la Taifa. Pato la Taifa la 2024 lilikuwa kama trilioni 205. Asilimia 3 yake ni trilioni 6 na kitu. Trilioni zaidi ya nane zimekwenda wapi? Hazijafichwa. Sehemu kubwa ya mikopo hiyo inalipa mtaji (kiasi kilichokopwa, bila riba) wa madeni ya zamani yanayoiva mwaka huo. Hatifungani ya miaka mitano iliyouzwa 2020 inaiva 2025. Hazina inauza nyingine na kumlipa mwenye ile ya kwanza. Deni halijaongezeka, limebadilika tarehe. Nakisi hupima deni jipya, na bajeti ya jumla inahesabu pesa zote zinazoingia na kutoka. Anayechukua trilioni 15 na kusema Serikali imeongeza deni kwa kiasi hicho amekosea, na anayechukua asilimia 3 na kusema mzigo ni mdogo amekosea pia, maana hizo trilioni nane lazima apatikane wa kuzikopesha tena, kwa riba ya siku hiyo. Hiyo ndiyo hatari ya deni la muda mfupi, na kwenye insha za shule sijaona ikipewa nafasi inayostahili.

Maneno mengine mawili yanayogongana ni "Deni la Serikali" na "Deni la Taifa". Deni la Serikali ni linalodaiwa Serikali, ndani na nje. Deni la Taifa linachukua hilo na kuongeza madeni ya nje ya sekta binafsi: kampuni ya madini iliyokopa London, hoteli iliyokopa kwa kampuni mama. Mlipa kodi halipi hilo la pili. Linahesabiwa kwa sababu nalo linahitaji dola ili lilipwe, na dola zote zinatoka kwenye kisima kimoja. Kichwa cha habari kinachogawanya Deni la Taifa kwa idadi ya wananchi na kusema kila mtoto anazaliwa akidaiwa kiasi fulani kimechanganya vitu viwili.

Halafu kuna thamani ya sasa, yaani malipo ya miaka ijayo yakihesabiwa kwa thamani ya pesa ya leo. Tathmini ya uhimilivu wa deni hutumia ukomo wa asilimia 55 ya Pato la Taifa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki asilimia 50, lakini zote mbili ni kwa thamani ya sasa, siyo kwa kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba. Tofauti ni kubwa. Tuseme Serikali imekopa milioni 100 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwaka, mtaji ulipwe wote mwaka wa kumi. Italipa milioni 1 kila mwaka na milioni 100 mwishoni. Kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 5, kinachotumika katika tathmini hizo, milioni 100 za mwaka wa kumi zina thamani ya milioni 61.4 leo, na yale malipo kumi ya milioni moja moja yana thamani ya milioni 7.7. Jumla ni milioni 69. Mkopo wa kibiashara wa kiasi hicho hicho kwa riba ya asilimia 8 una thamani ya sasa inayozidi milioni 100. Kwa hiyo nchi mbili zenye deni lile lile kwa maandishi zinaweza kuwa mbali kabisa kwa uzito, na swali la kumwuliza Waziri linahusu aina ya mkopo kabla ya ukubwa wake. Katika bajeti tuliyoijumlisha hapo juu, mikopo ya nje ni mara nane ya misaada, na cha kuuliza ni kiasi gani kati yake ni ya kibiashara. Hapo ndipo macho yanapopaswa kukaa.

Kuhusu utaratibu, jambo moja tu. Hotuba ya Juni ni ahadi; sheria ni Muswada wa Sheria ya Fedha unaokuja nayo. Ibara ya 138 ya Katiba ya Tanzania inakataza kodi isiyotokana na sheria iliyotungwa na Bunge, kwa hiyo kila kodi mpya imeandikwa mle, kifungu kwa kifungu, na Kamati ya Bajeti ya Bunge hupokea maoni ya wananchi kabla haujapitishwa. Wakenya walionyesha mwaka 2024 kinachoweza kutokea vijana wanapousoma muswada wa aina hiyo wenyewe, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani: tarehe 26 Juni Rais Ruto alitangaza kuwa hatausaini. Maandamano yale yaligharimu maisha ya watu, na hilo halipaswi kusahaulika. Lakini kazi ya kukaa na muswada na kuuliza kila kifungu kitamgusa nani ni elimu ya uchumi hasa, na inaweza kufanyika darasani kwa amani kila mwezi wa sita.

Kodi inaangukia nani

Wafanyakazi wengi wanaogopa nyongeza ya mshahara "itakayowapandisha daraja la kodi" wapate pungufu. Viwango vya Tanzania Bara vinajibu. Mapato ya mwezi yanayotozwa kodi, baada ya kutoa mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, hadi shilingi 270,000 hayatozwi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 asilimia 20, hadi 1,000,000 asilimia 25, na zaidi ya hapo asilimia 30. Kila kiwango kinagusa kipande chake tu. Mwenye 1,000,000 analipa 20,000 kwa kipande cha kwanza kinachotozwa, 48,000 kwa cha pili, 60,000 kwa cha tatu: jumla 128,000, yaani asilimia 12.8 ya mapato yake. Akiongezwa 50,000 anatozwa asilimia 30 ya hizo 50,000 peke yake, ambayo ni 15,000, na anabaki na 35,000 zaidi. Hakuna nyongeza inayopunguza mshahara wa mkononi kwa njia hii.

Tozo ya miamala ya simu ndiyo somo bora zaidi la kodi ambalo nchi hii imewahi kulipata. Ilianza tarehe 15 Julai 2021, kati ya shilingi 10 na 10,000 kulingana na thamani ya muamala, kwa kutuma na kwa kutoa. Angalia muundo wake: kijana wa Kariakoo akimtumia mama yake pesa Singida, tozo inakatwa kwake, na mama akienda kwa wakala kutoa, inakatwa tena. Juu yake kulikuwa na ada ya kampuni ya simu, ambayo nayo inabeba ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani (VAT).

Hesabu ya Hazina kwenye kodi kama hii huanza na kuzidisha: tozo mara idadi ya miamala iliyokuwepo. Kosa liko kwenye idadi, kwa kuwa inabadilika tozo ikibadilika. Kwa mfano wa kubuni, miamala 100 kwa tozo ya shilingi 100 inaleta 10,000. Tozo ikiwa 300 na miamala ikashuka hadi 60, inaleta 18,000. Ikiwa 600 na miamala ikabaki 20, inaleta 12,000, na Serikali inapoteza pia ule ushuru na VAT kwenye ada za miamala 80 iliyotoweka. Watu walikuwa na njia mbadala: bahasha kwa kondakta wa basi, kusubiri mtu anayesafiri, kutuma mara moja kwa mwezi badala ya mara nne, au kurudi kwenye noti. Waliokosa mbadala, hasa wa vijijini wasio na benki karibu, ndio waliobaki kuilipa. Huo ndio mnyumbuko wa mahitaji, yaani kiasi ambacho watu hupunguza matumizi bei ikipanda, unaofundishwa kwa mifano ya chumvi na magari ya kifahari. Tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba 2021, ikapunguzwa tena 2022, na bajeti ya 2023/24 ikaiondoa kwenye kutuma pesa. Kila hatua ni kipimo cha mnyumbuko kilichofanyika mbele ya nchi nzima, na kingetosha kufundishia mada nzima kwa wiki mbili.

Kazi za kufanya darasani

Malighafi zote zipo na ni za bure. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi. NBS hutoa taarifa ya mfumuko kila mwezi. Benki Kuu huchapisha tathmini ya uchumi kila mwezi na tamko la Kamati ya Sera ya Fedha kila robo mwaka.

Kazi ya kwanza ni kapu. Wanafunzi wachague bidhaa kumi za soko la karibu, kila mmoja aulize nyumbani kiasi kinachotumika kwa kila moja kwa mwezi, na uzito ukokotolewe kutokana na hapo. Bei zichukuliwe siku ile ile ya juma, kwa muuzaji yule yule, kwa kipimo kile kile. Kinachoharibu zoezi hili ni kipimo: fungu la nyanya au kisado cha viazi hubadilika ukubwa bila bei kubadilika, na huo ni mfumuko uliojificha. Dawa ni mizani ndogo ya jikoni. Pima gramu, gawanya bei. Baada ya miezi mitatu linganisha na takwimu za NBS, kisha eleza tofauti kwa uzito na bidhaa zilizoachwa.

Kazi ya pili ni msamiati. Chukua ukurasa mmoja wa hotuba ya bajeti, pigia mstari kila neno la kiuchumi, na uandike kando yake dhana iliyofundishwa darasani kwa Kiingereza. Ukwasi, nakisi, ruzuku, hatifungani, mapato yasiyo ya kodi, akiba ya fedha za kigeni. Mwanafunzi akishindwa kueleza neno kwa Kiswahili bila kutumia Kiingereza, hajalielewa bado.

Kazi ya tatu ni ya Aprili na Mei, wizara zinapowasilisha bajeti zao moja moja. Kila hotuba ya waziri ina aya inayotaja fedha zilizoidhinishwa kwa mwaka unaokwisha na fedha zilizopokelewa hadi tarehe fulani, mara nyingi Machi au Aprili. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, mishahara peke yake, matumizi mengineyo peke yake, miradi ya maendeleo peke yake. Hadi mwisho wa Machi miezi tisa kati ya kumi na miwili imepita, sawa na asilimia 75. Mishahara kwa kawaida hukaribia hapo, kwa kuwa haisubiri. Miradi ikiwa kwenye 40 au 50, tafuta mstari unaosema pesa ilikuwa ya ndani au ya nje, maana fedha za mkopo wa nje hutoka kwa masharti ya hatua za ujenzi, na fedha za ndani hutoka kadiri TRA inavyokusanya. Kisha fungua hotuba ya mwaka mmoja kabla, wizara ile ile, na uangalie kama mradi huo umeombewa pesa upya kwa maneno yale yale.